Nimekonda kwa Hiari Yangu

Mkiwa, baada ya kuvuna mtama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Wajukuu zako wanakuamkia, na mkweo Baba Elia anakuamkia pia, tena amevua kofia nilipoanza kuandika jina lako. Sisi ni wazima, na neno hilo naomba ulisikie vizuri kwa sababu ndilo lililonikalisha chini kuandika. Wewe hujambo? Miguu inaendeleaje? Mtama uliingia ghalani au ndege waliumaliza? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Huku mvua ilichelewa kuja ikawahi kuondoka, lakini cha kula tumepata.

Na wewe Mwinjilisti unayemsomea Mama barua hii, Bwana asifiwe. Nakuomba usome kila neno kama lilivyo. Barua yangu iliyopita uliiruka katikati, najua, maana Mama alinijibu mambo nusunusu. Leo kuna mahali na wewe umetajwa. Ukifika hapo usikohoe, soma.

Mama, barua yako nimeipokea kwa dereva wa lori la chumvi. Unasema Kiula, yule mchuuzi wa kuku wa Iguguno, amepita hapo Nduguti akasema amenikuta huku nimebaki mifupa, gauni linanining'inia, nabeba maji kwenye jua kali, na kwamba mume wangu ananinyima chakula. Unasema wazee wa ukoo wamekaa wakazungumza, na Kaka Mkumbo akimaliza kupura mtama atapanda lori aje kunichukua mimi na watoto, halafu mambo ya ng'ombe wa mahari yatafuata. Na mwishoni umesema, kama nateswa nirudi, nyumba ya baba yangu haijafungwa. Hayo ya mwisho nimeyasoma nikalia, Mama, sikufichi. Hayo mengine nimeyasoma nikacheka kwa dharau.

Desturi naijua. Kwetu mwanamke akikonda kwa mume, kaka zake huja kuuliza, na mume hujibu akiwa amesimama. Ni desturi nzuri, mimi siitukani, imewaokoa wengi. Lakini safari hii itavunja nyumba isiyo na kosa, kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Ndiyo maana naandika upesi, Kaka asije akafika na hasira kabla ya maneno yangu.

Huyo Kiula ni mtu gani, hebu tuulizane. Alinikuta kisimani kweli. Nikamkaribisha nyumbani kama mtu wa kwetu, nikamchinjia kuku wangu mwenyewe, maana wa kwake hachinji hata akiwa na njaa. Akala mpaka akalegeza mkanda. Akalamba vidole, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Dada Yunisi, umekwisha." Nikamwambia, "Sijaisha Kiula, nimepungua, tena nimepungua kwa kupenda." Akatikisa kichwa akamtazama mume wangu kwa jicho baya. Mtu amekaa kwenye kigoda cha Baba Elia, tumbo limejaa kuku wa nyumba ya Baba Elia, anaondoka kwenda kusema Baba Elia hana chakula. Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo, na kwa kuwa Mwinjilisti anasoma nitanyamaza.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Mara ya mwisho uliponiona ni kwenye msiba wa shangazi Damari, dada wa marehemu Baba. Nilikuwa nimenenepa, ukafurahi, ukanishika shavu mbele ya watu ukasema mkwe wako anajua kulisha. Mama, ule haukuwa utajiri. Nyumba yetu ina kitanda kimoja na mlango wa mabati ya pipa. Mimi ni mpishi katika hoteli ya kijiji hapa njia panda, hoteli ya ushirika, nawapikia madereva na mataniboi wa malori. Nyama wanakula wao. Mimi nabaki na ukoko, na mchuzi wa chini wenye mafuta, na maandazi ya jana yaliyokosa mnunuzi, na chai ya sukari nyingi ya kunifanya nisimame mpaka jioni. Mshahara wenyewe ndio hayo makombo. Mtu akila makombo ya ugali na mafuta kila siku, ananenepa na mfuko wake unakonda. Lakini nani ataeleza hivyo? Watu wakiona shavu wanasema amefanikiwa.

Basi kichwa kikaanza kuniuma kila asubuhi. Nikiinama kupuliza moto naona vimulimuli. Miguu ikavimba, viatu vikakataa. Nikaenda hospitali ya misheni nikakaa kwenye foleni, daktari akanifunga mpira mkononi akaupuliza, akaupuliza tena, akakunja uso. Akasema nina presha, na unene umezidi, nipunguze chakula, niache chumvi, nitembee. Nikamwambia, "Dakta, mimi ni maskini. Maskini anapunguza chakula gani?" Akasema, "Mama, moyo wako haujui kama wewe ni maskini."

Nilikasirika njia nzima. Nikasema huyu ameshiba, ndiyo maana anasema ovyo. Lakini nilipofika nyumbani nikamkumbuka shangazi Damari. Unakumbuka alivyokutwa? Amelala kwenye njia ya kisima, mtungi umevunjika pembeni. Alikuwa akilalamika kichwa na pumzi, na sisi tulikuwa tunamwambia apumzike ale. Halafu kwenye mazishi kila mtu alisema, "Afadhali, amekufa na mwili wake." Na mimi nilisema hivyo, nikaitikia kabisa. Amekufa na mwili wake. Mwili wenyewe ndio uliomuua, na sisi tunausifu huku tunakula wali wa msiba. Siku ile ndipo nilipoanza kuwadharau watu wanaosifu unene, na dharau hiyo bado ninayo.

Sasa huku kijijini hatukuwa wachache. Wapo wanawake wengine wanene na maskini kama mimi, wapika pombe, wauza vitumbua, wajane. Mganga wa zahanati alikuwa anatutuma hospitali mmoja mmoja, mwishowe habari ikafika wilayani, na wilayani wakamtuma Bibi Maendeleo aje atusaidie kupungua. Alikuja na Landrova, na viatu vyeupe. Kwenye mavumbi haya ya Mkiwa, viatu vyeupe. Nikajua hapo hakuna kitu.

Mkutano ukafanyika nje ya ghala la mazao, wanaume wote wamekuja kutazama. Wakasema kwanza tupimwe uzito. Kwa kuwa hapakuwa na mizani nyingine, wakatoa ile ya kupimia magunia ya alizeti. Tukaitwa majina, tunapanda, karani anasoma kwa sauti ileile anayosomea mazao, na watu wanaangua kicheko. Mwajuma jirani yangu, mjane muuza vitumbua, alipopanda, mtu mmoja akauliza kama na gunia lake limo. Mwajuma akashuka anafunika uso na kanga. Bibi Maendeleo anaandika tu, hakuinua macho.

Halafu Mwenyekiti wa kijiji akasimama kuhutubia. Huyu usimjue Mama, hutapata faida. Akasema katika nchi ya Ujamaa mtu anayefanya kazi hanenepi, anayenenepa ni kupe, anakula jasho la mwenzake, na hawa akina mama wajirekebishe kabla kijiji hakijawarekebisha. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kuwasha jiko la hoteli ya kijiji chake. Mwajuma alikuwa ametoka kupalilia shamba la ushirika. Yeye Mwenyekiti ni mwembamba sana, na tangu tuhamishiwe hapa kijijini, shambani hatujamwona. Nikasema kwa sauti, "Basi kupe wa kijiji hiki ni wa ajabu, anayelima ndiye mnyonyaji na anayehutubia ndiye mnyonywaji." Mume wangu akaninong'oneza nikae. Nilikaa, lakini nilikuwa nimeshasema.

Bibi Maendeleo naye akatundika picha ya chakula bora. Tule mayai, samaki, machungwa, papai, tupunguze ugali. Mama, machungwa Mkiwa. Mayai tunayo, lakini yai ndilo daftari la mtoto na chumvi ya mwezi, nani atalimeza? Akasema pia tuwe tunakuja uwanjani asubuhi kukimbia pamoja na mgambo. Tukaenda. Wanaume wakaja na vigoda vyao kutazama. Tulikimbia kidogo, mmoja wetu akaanguka, vigoda vikacheka, na huo ukawa mwisho wa kukimbia. Bibi Maendeleo alishaondoka na Landrova yake siku nyingi, na kila mmoja akarudi kwenye chungu chake na aibu juu.

Hapo mambo yangeishia, kama si Mwajuma.

Mwajuma alikuwa anajitahidi kweli. Nyumbani kwake alikuwa akila kidogo kuliko mimi. Lakini siku moja alitoka kwenda kuwapa pole wagonjwa na kuwapongeza waliojifungua, siku moja yote, nyumba baada ya nyumba. Jioni alirudi mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Tukamlaza kwangu. Aliporudiwa na maneno, nikamuuliza alikuwa amekula nini. Akasema kwa taabu, "Nilikula kila mahali. Ningekataaje?"

Na kweli angekataaje? Mwinjilisti, hapa ndipo ulipotajwa. Wewe unajua jambo hili kuliko sisi sote. Mgeni akiingia kwa mtu hatoki bila kula, na akikataa amemtukana mwenye nyumba, amesema chakula chake kina uchawi au uchafu. Wewe ukitembelea waumini kila nyumba ni kuku na ugali, na kila nyumba unakula, utamkatalia nani? Lakini Mama ameniambia siku hizi ukipanda kilima cha kanisa unapumzika njiani, na ibada inachelewa kuanza. Sikucheki. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine hapo atakayethubutu kukuambia. Endelea kusoma, nakushukuru.

Ndipo nikaona kosa la Bibi Maendeleo na langu pia. Tulikuwa tunapima chungu cha nyumbani, na sisi tunanenepa kwenye vyungu vya majirani. Hakuna mtu mmoja anayeweza kupungua peke yake katika kijiji ambacho kila mlango unakulisha kwa nguvu. Nikawaita wale wanawake wote waliopimwa kwenye mizani ya magunia, tukakaa nyuma ya nyumba yangu karibu na kitanda cha Mwajuma, tulichokibeba kutoka kwake na kukiweka kivulini. Nikawaambia, "Sisi tutanyimana." Wakashtuka. Mmoja akauliza, "Yunisi, unataka tuwe wachoyo?" Nikasema, "Ndiyo. Uchoyo hasa. Ukija kwangu nakupa maji na kiti na maneno. Ugali hupati, hata ukinililia."

Walibisha sana. Wanawake hawa wana moyo mwepesi, wakiona mtu amekaa bila sahani wanahisi wao ndio wamekosa. Mmoja alisema mumewe akijua atamfukuza. Mwingine akasema atanyima wenzake lakini mgeni wa mbali hapana. Hapo tukakubaliana, mgeni wa mbali ale, sisi kwa sisi tunyimane. Mwajuma kitandani akainua ule mkono unaoinuka. Wakaona aibu kumpinga mgonjwa, wakakubali.

Kazi yangu ikawa kuwachunga, maana mimi ndiye mwenye mdomo. Mama, wewe umenikemea tangu mtoto kwamba ulimi wangu ni mkali, hauna heshima, utanikosesha mume. Huku ulimi huo umepata kazi. Napita nyumba za wenzangu saa ya chakula. Nikimkuta mmoja anamwongezea mwenziwe sahani kwa siri, namwambia, "Mwongeze tu, na sanda umnunulie." Wananichukia kwa muda, halafu sahani inarudi jikoni. Tukawa tunakula mlenda mwingi, ugali kidogo, chumvi ya kugusa kwa kidole. Makombo ya hotelini nikaanza kuwapa mbwa wa njia panda, na mbwa sasa wamenenepa, Mwenyekiti awahutubie wao.

Halafu kuna habari ya tela. Shamba la ushirika liko mbali, na serikali ilituletea trekta lenye tela la kuwabeba watu. Kila asubuhi wanawake wote wanapandishwa humo kwa fujo. Sisi tukasema tutakwenda kwa miguu, tunaondoka mapema tunaimba, tunafika. Hatukumkosea mtu. Basi tukaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti amekaa na mabalozi wote wa nyumba kumi kumi, anauliza kwa nini tunagomea trekta la wananchi, nani ametutuma, tunataka kurudisha kijiji nyuma? Kuna balozi mmoja akasema huenda ni dini mpya inayokataza magurudumu. Nilitazama nyuso zao, watu wazima wenye wajukuu, nikachoka. Nikasema, "Mlituita kupe kwa sababu ya unene. Sasa tunatembea tupungue, mnatuita wapinzani. Tuambieni basi mnataka tuwe na mwili gani." Wakashauriana kwa muda mrefu. Mwishowe wakasema tunaweza kutembea, ila tusiimbe tunapopitwa na tela, kwa sababu tunawavunja moyo waliopanda. Hayo ndiyo maamuzi ya kamati, Mama, na yaliandikwa.

Trekta likaharibika masika yale yale, likalala shambani mpaka kuku wakatagia humo. Wote wakatembea. Sisi tulikuwa tumezoea, tunafika tunaongea, wenzetu wanafika wameshika kiuno. Baadaye wengine wakaanza kutufuata asubuhi, hata wanawake wembamba, wanasema ni kwa ajili ya nyimbo.

Bibi Maendeleo alirudi. Akakuta tumepungua, akafurahi mno, akatupiga picha, na nina hakika huko wilayani amesema ni machungwa yake. Aseme. Lakini nampa haki yake katika jambo moja. Nilimwambia kwamba wanawake hawataki tena kupimwa kama alizeti. Alinitazama kidogo, akaona haya, nadhani alimkumbuka Mwajuma. Akaleta mizani ndogo ya watu, akaiweka zahanati nyuma ya pazia, na mganga anampima mtu bila kusema neno, anakuonyesha tu. Tangu hapo wameongezeka wengi, hata mke wa Mwenyekiti huja jioni akijifanya anatafuta dawa ya kikohozi.

Daktari wa misheni amenipima tena. Akaupuliza ule mpira, akatabasamu, akasema niendelee hivyo hivyo. Kichwa hakiniumi. Nainama kupuliza moto naona moto tu. Mwajuma anatembea kwa fimbo, mdomo umerudi karibu na mahali pake, na vitumbua anauza bila kuonja.

Sasa mume wangu. Mama, Baba Elia ana makosa yake na mimi nayajua kuliko ukoo mzima. Ni mvivu wa kuezeka, anakoroma, na akipewa kazi ya leo anaifanya kesho kutwa. Lakini mkono wa birika hana. Nilipoanza kupungua walimcheka kwenye pombe. Wakamuuliza, "Mkeo unamlisha majivu?" Alikuja nyumbani ameinamisha kichwa akaniomba nile, nile tu kidogo, watu waone. Nilikataa. Akachinja mbuzi wake wa pekee, akaalika majirani, akaniweka mbele kabisa nionekane ninakula. Nilikula vipande viwili nikawagawia wengine sinia zima. Usiku aliniuliza, "Yunisi, unataka kunifukuzisha kijijini?" Nikamweleza habari ya shangazi Damari kwa urefu. Akasema, "Basi acha wanicheke." Na wamemcheka kweli, mpaka leo. Huyo ndiye mtu ambaye Kaka Mkumbo anakuja kumsimamisha.

Na lile gauni ndilo lile lile la msibani, Mama. Mwili umepungua, gauni halikupungua, na kitambaa kipya hatuna. Nimelifunga kwa kamba kiunoni. Kiula angeweza kuuliza. Hakuuliza.

Nimemaliza ya kwangu. Limebaki moja, na hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo.

Kiula alipokuwa anakula kuku wangu alinipa na habari zako. Alisema kwa furaha, akidhani ananifurahisha. "Mama yako sasa amenawiri. Amenenepa, amejaa. Hata kisimani haendi tena, anakaa tu mlangoni anapumua, na kila anayepita anamsifu." Mama, tonge nililirudisha sahanini. Nikamuuliza, "Analalamika kichwa?" Akasema, "Ah, kidogo tu, uzee." Nikamuuliza miguu. Akasema imejaa vizuri.

Wanaokusifu hapo mlangoni ndio walewale waliomsifu shangazi. Nawajua kwa majina na Mwinjilisti anawajua. Wanakuletea maziwa na samli na ugali wa kusindikiza, na wewe huwezi kukataa, maana una adabu kuliko mimi. Nimewadharau watu wengi katika barua hii, lakini hao nawachukia, nasema mbele ya Mwinjilisti, na nitatubu nikishakuona.

Kwa hiyo mwambie Kaka Mkumbo aje. Ng'ombe wabaki zizini, mambo ya mahari wayaache. Aje na lori lile lile alilotaka kunichukulia mimi, akuweke mbele karibu na dereva, akulete wewe. Baba Elia amekwisha kutengeneza kitanda cha pili, na safari hii amekifanya siku hiyo hiyo. Daktari nimeshamwambia. Kaka atanitazama kwa macho yake, atamtazama na mume wangu, na akitaka kumsimamisha atamsimamisha. Akiridhika arudi peke yake. Wewe utabaki.

Mpe shikamoo mjomba mwenye mizinga ya nyuki. Msalimie wifi yangu, mke wa Kaka, mwambie namshukuru kwa kukuchotea maji, ila akuache utembee naye hata nusu ya njia. Msalimie bibi jirani asiyeona, na mwalimu wa kwaya. Msalimie na Kiula akipita, mwambie yule kuku aliyemla alikuwa anataga. Mwinjilisti, nawe nakusalimu kwa heshima yote, na ukitaka kupanda lori pamoja na Mama, nafasi ipo.

Mama, siku utakayofika usingojee jungu. Utakuta nimetandika mkeka na watoto wameoga. Umesafiri mchana kutwa, una njaa, na wewe ndiye mtu wa kwanza duniani aliyenilisha. Nitakupa maji, maana kwangu wewe si mgeni wa mbali, ni sisi kwa sisi. Utanikasirikia, utasema nimekuwa mchoyo, pengine utalia, na mimi nitakaa hapo karibu nawe mpaka hasira iishe.

Ni mimi mwanao mwenye ulimi mkali,
Yunisi, Mama Elia.